Idi ile aliponyongwa Saddam
Idi Kubwa ikikaribia tu, akili yangu hurudi Desemba 2006, barazani kwetu Mombasa. Saddam Hussein, aliyekuwa rais wa Iraq, alinyongwa Baghdad alfajiri ya tarehe 30, siku ambayo Wasunni wa Iraq walikuwa wanaanza kusherehekea Idi. Lililowachoma wazee wetu ni siku yenyewe, kuliko hata kifo chake. "Dunia nzima ina siku ngapi, wakachagua hiyo?" Halafu ikaja ile video ya simu, watu wanamzomea na jina la Muqtada al-Sadr, kiongozi wa dini wa Kishia, linatajwa huku kitanzi kiko shingoni. Hapo hata waliokuwa wanamchukia wakanyamaza.

Mjomba wangu peke yake ndiye hakutikisika. Aliwahi kufanya kazi Kuwait, nchi ambayo Saddam aliivamia mwaka 1990, na jina la Saddam hakulitaja bila kusonya. "Nyinyi mlimwona kwenye televisheni," alisema.

Mimi nilikuwa upande wa wazee. Sasa kinachonikera ni kingine. Alihukumiwa kwa mauaji ya watu 148 wa mji wa Dujail, wengi wao Washia, yaliyoanzia mwaka 1982. Kesi ya Anfal, operesheni ya jeshi lake ambamo Wakurdi waliuawa kwa maelfu mwaka 1988, ilikuwa bado inaendelea, na mashtaka dhidi yake yakafutwa kwa kuwa amekufa. Sadr City, mtaa wa Washia wa Baghdad, walishangilia, Tikrit, kwao Saddam, wakalia, Libya ikatangaza siku tatu za maombolezo. Mama wa Kikurdi aliyetaka kusikia hukumu ya mauaji ya wanawe, pale barazani hakuna aliyemtaja. Tulikuwa tumeshughulika na kamba.