Siku moja na mwanga wa TiCl

Saa moja asubuhi, kabla chai yangu haijapoa, huwa nimekwisha kumimina nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi −196, katika kigunduzi cha infraredi. Maabara yetu hapa Kanada hupima mwanga wa kloridi za metali za mpito, na leo ilikuwa zamu ya TiCl, molekuli ya titani moja na klorini moja ambayo hainunuliki popote kwa sababu haidumu. Huzaliwa papo hapo, heli iliyochanganywa na mvuke kidogo wa titani tetrakloridi inapopita katika mrija wa kioo unaopigwa na maikrowevu.

Saa tatu mrija uliwaka vizuri. Saa nne mwanga ulififia, nikaona utando mweupe, laini kama unga wa muhogo, umetanda ndani ya dirisha lake. Tetrakloridi ikikutana na unyevu hufuka moshi wa asidi na kuacha oksidi, hivyo hewa ilikuwa inapenya mahali fulani. Nilikagua kiungo kimoja baada ya kingine hadi nikaupata mpira wa kuzibia uliochanika, kitu cha bei ya nauli ya basi, kilichokula muda wangu hadi saa saba.

Alasiri spektromita, chombo kinachouchambua mwanga kwa urefu wa mawimbi yake, ilifanya kazi yenyewe: kioo chake cha kuakisi kikienda na kurudi, leza ikihesabu hatua zake, nami nikilinda mrija usizimike.

Saa kumi na moja nilifungua spektra, yaani mchoro wa mistari ya mwanga huo. Karibu na nanomita 887 palikuwa na bendi (kundi la mistari) hafifu ya TiO, molekuli ya titani na oksijeni, mabaki ya hewa ya asubuhi (wanaastronomia huifurahia katika nyota nyekundu, mimi hapana). Mistari yangu niliitambua kwa klorini: katika maumbile, atomi za uzito wa 35 ni takriban mara tatu ya zile za 37, kwa hiyo katika bendi ya 1–0, ambapo molekuli inashuka kutoka ngazi ya 1 ya mtetemo hadi ngazi ya 0, kila mstari wenye nguvu una mdogo wake, mwenye theluthi ya mng'ao, aliyesogea kwa kiasi kinachodaiwa na hesabu ya uzito.

Hata hivyo tawi moja, yaani mfuatano mmoja wa mistari ndani ya bendi, lilikataa kukubaliana na hesabu hadi saa mbili usiku, nilipogundua kwamba nilikuwa nimeanza kuhesabu ngazi za mzunguko wa molekuli, zinazoipa kila mstari namba yake, namba moja mbele. Nilirudisha namba zote nyuma kwa moja, mistari ikakaa mahali pake, nikazima pampu.