Kaseti ya mkutano: nimefika upande B

Haya, kwa ambao hamjui nilikoanzia. Mwezi uliopita ofisi yetu ilisimamia mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo, siku tatu hapahapa Tanga, wajumbe zaidi ya mia tatu, na mimi nikapewa meza ya usajili pamoja na mziki, yaani laptop ya nyimbo ilikaa mezani kwangu pembeni ya daftari la kusaini na maboksi ya vitambulisho. Siku tatu zile sikulala zaidi ya saa nne kwa usiku. Mkutano ukaisha, watu wakarudi makwao, lakini mimi kila nikisikia wimbo fulani kwenye bajaji au dukani narudishwa ukumbini palepale, nasikia mpaka harufu ya pilau, ndo nikaamua nizikusanye nyimbo zote zilizobeba tukio niziweke kwenye kaseti. Kaseti kweli, ya dakika 60, thelathini huku thelathini kule. Kwenye simu ningeweka nyimbo mia na nisingezisikiliza, kaseti inakubana, ukiingiza huu lazima utoe ule.

Wiki ya kwanza yote ilikuwa mashine. Redio kaseti ni ya marehemu baba, ilikaa juu ya kabati miaka, mkanda wa mpira wa ndani ulikuwa umelainika kama bablishi, nikampelekea fundi mmoja mzee kule Ngamiani akanifungia mwingine. Hedi, yaani kile kichwa kinachosoma mkanda, nikaisafisha mwenyewe kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka kahawia, nikarudia mpaka ikatoka nyeupe. Kaseti tupu sikupata dukani hata moja. Nikachukua ya zamani iliyovunjwa vile vimeno viwili vya nyuma, mnakumbuka, ukivivunja hairekodi tena ili mtu asije akafuta, basi ukiziba vile vitundu na seloteipu inakubali upya.

Wimbo wa kwanza niliojua lazima uingie ni Macho Yanacheka wa Bi Shakila. Wa kwetu huu, maana kabla hajaenda JKT Taarab aliimba na Black Star na Lucky Star hapahapa Tanga, na ndo vikundi vilivyoifanya taarab ya huku ijulikane kwa magitaa. Bi Shakila alifariki 2016. Sasa siku ya kwanza asubuhi kama saa mbili na nusu foleni ya usajili imefika getini, mgeni rasmi kachelewa, nimeuweka huu wimbo ili watu watulie, na mwenzangu wa mapokezi amesimama anawapokea wajumbe, shikamoo mzee, karibu mama, kitambulisho chako hiki hapa, anatabasamu kwa kila mmoja. Kumbe nusu saa kabla alikuwa amepigiwa simu kwamba mama yake amelazwa. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua jioni tu, tunahesabu fomu, na nilipojua nikakumbuka nini kilikuwa kinaimba.

Hapa ndo mradi ulinifundisha kitu. Nilitafuta kopi safi kabisa ya ule wimbo, nikairekodi kwenye kaseti vizuri, levo ya sauti haizidi ikapasuka, nikakaa kibarazani usiku nikasikiliza. Wimbo mzuri, lakini ukumbi haukuja. Nikajaribu mara tatu. Halafu nikafungua video niliyochukua asubuhi ile kwa simu, sekunde arobaini tu, nilikuwa naipiga picha foleni nimtumie bosi aone hali, na kule nyuma kabisa Bi Shakila anaimba kwenye spika zinazokwaruza, kuna kiti kinaburutwa, mtu anauliza choo kiko wapi, na sauti ya mwenzangu, "karibu mama, saini hapa." Nikajikuta nimesimama. Kwa hiyo nimefuta upande A wote nikaanza upya na utaratibu mpya, kila wimbo unatanguliwa na sekunde kumi za kelele za pale pale uliposikika, kisha unaingia wenyewe msafi. Nimepoteza kazi ya siku nne lakini sijutii hata kidogo.

Siku ya pili. Posho ilichelewa, na mnajua mkutano wetu posho ikichelewa inakuwaje, saa tisa mchana watu wamejazana kwenye dirisha la mhasibu, sauti zimepanda, jua la Tanga na ule unyevu, halafu umeme ukakatika katikati ya wimbo wa zamani wa dansi. Jenereta likawashwa, laptop haikuzima maana ina betri lakini spika ndo zilikufa, zikarudi wimbo ukiwa umeshafika pale magitaa yanapochangamka. Mzee mmoja kwenye foleni akaanza kucheza. Peke yake, taratibu, bahasha kwapani, mguu mmoja unavuta. Watu wakamfungulia nafasi, wakapiga makofi, zile kelele za dirishani zikashuka.

Nilimfuata baadaye kumpa maji. Akaniambia, "mgosi, huu umeukata kama santuri," nikamuuliza kivipi mzee wangu, akanielezea kwamba zile santuri ndogo upande mmoja haukutosha wimbo mzima wa dansi, kwa hiyo waliukata katikati, sehemu ya kwanza huku, ya pili unageuza, na wachezaji wanasubiri kidogo sindano irudi ndo mziki uchemke. Alikuwa akiwasikiliza Jamhuri Jazz hapa Tanga miaka ya 1960, wakati kina Wilson na George Kinyonga bado wako kwenye bendi hiyo, kabla hawajapitia Arusha na mwaka 1971 kuvuka Kenya, huko ndo wakawa Simba Wanyika. Anaongea kama anaeleza majirani zake. Kwenye kaseti nimeliacha lile pengo la umeme vilevile, sekunde sita, unasikia watu wanaguna halafu jenereta halafu gitaa. Ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote mpaka sasa.

Siku ya tatu nitaipitia haraka, kufunga, risala, picha ya pamoja, matarumbeta. Ila kuna wimbo mmoja ulinisumbua wiki mbili. Jikoni kulikuwa na bimkubwa mpishi, kila nikienda kuomba chai ya wageni anaimba kitu kilekile kwa sauti ya chini huku anachambua mchele, na sikuurekodi, nilikuwa nakimbia. Nilikuwa na vijisauti vitatu vinne tu kichwani. Niliwaimbia watu, hakuna aliyeujua, nikadhani ni taarab ya zamani sana.

Juzi Jumapili nikamtafuta, anakaa Makorora. Shikamoo bimkubwa, marahaba mwanangu, nikamweleza, akacheka, akasema, "huo si wa redio, mamangu alikuwa ananibembelezea mimi." Nikaweka simu mkekani aimbe. Akaanza akakwama. Akaanza tena akakwama mstari wa pili. Akaniambia subiri, akaingia ndani akatoka na ungo na mchele, akakaa, vidole vikaanza kutafuta chuya, na wimbo ukatoka wote mpaka mwisho bila kusimama. Dakika mbili na sekunde kumi. Ukisikiliza kwa makini mchele unasikika ukipepetwa, huo hauhitaji kelele za kutanguliza.

Hali ilivyo leo: upande A umejaa, upande B zimebaki dakika sita, matarumbeta yatachukua nne. Wenzangu ofisini wanataka niwatumie kwenye WhatsApp, ntafanya hivyo, ila kuna jambo moja kwanza. Sauti ya mwenzangu wa mapokezi iko wazi kabisa mwanzoni mwa upande A, na hajui kama nimeiweka. Mama yake ametoka hospitali wiki iliyopita anaendelea vizuri. Jumatatu nitampa hedfoni asikilize peke yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema hapana nazifuta zile sekunde kumi, Bi Shakila anaanza mwenyewe.