Mti wetu wa Krismasi wa nyavu na maboya, Dunga

Hapa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria karibu na Kisumu, kwa watu wengi mti wa Krismasi ni tawi la saipresi lililochomekwa kwenye ndoo ya mchanga, pamba kidogo juu yake, mishipi ya kumetameta, basi. Sina ugomvi nalo. Ila watoto ninaowafundisha kanisani Jumapili ni wa wavuvi na wachuuzi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani (mimi pia nauza omena), na saipresi haijawahi kumlisha hata mmoja wao. Kwa hiyo mpwa wangu anayeishi Lowell, Massachusetts, Marekani, aliponitumia picha ya mti wa mji wa Gloucester, sikulala nikiuwaza.

Gloucester ni mji wa wavuvi kwenye pwani ya Atlantiki, ulioanzishwa mwaka 1623. Mti wao hauna jani. Umejengwa kwa mitego ya kamba, wale wakubwa wenye magando, na mitego yenyewe ni ya waya, mfano wa masanduku. Hupangwa safu juu ya safu, kila safu ikipungua, mpaka kileleni. Watoto hupaka maboya rangi na kuyatundika. Miji mingine ya pwani hiyo, kama Rockland na Provincetown, nayo hujenga miti ya namna hiyo.

Mpwa wangu alinieleza kwamba kule kila mvuvi ana rangi zake za boya, zimesajiliwa pamoja na leseni yake, na ole wake atakayevuta mtego wa rangi za mwenzake. Akaniambia pia kwamba mtego una vyumba. Chambo hukaa "jikoni". Kamba akishakula na kuanza kutafuta mlango, anajikuta "sebuleni", na huko hatoki. Nilicheka sana. Wavuvi ni wale wale popote.

Kuiga moja kwa moja hakukuwezekana. Masanduku hayo sisi hatuna. Migono ya kusuka wazee wanaikumbuka, lakini Dunga ya leo ni nyavu, ndoano za mbuta (sangara) na taa za omena. Na wavu hausimami wenyewe. Ukiuweka chini unalala. Aliyenitatulia hilo ni fundi wetu wa mashua. Alinisikiliza huku akiendelea kuziba nyufa kwa pamba, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Mwalimu, tafuta mlingoti." Kulikuwa na mashua imepandishwa ufuoni kutengenezwa, na mwenyewe akakubali kutuazima mlingoti wake, kama mita 5 hivi, kwa masharti kwamba usipigwe msumari.

Tulichimba shimo la kufika gotini, tukausimamisha na kuushindilia kwa mawe. Kutoka kileleni tukashusha kamba za nailoni pande zote mpaka kwenye vigingi vilivyozunguka duara, halafu tukazungusha nyingine za kulala ili umbo lisibonyee. Hapo nilidhani tumemaliza, lakini fundi akaagiza magunia ya mchanga, moja kwa kila kigingi. Mchana upepo wa ziwa ukianza kuvuma kuja nchi kavu, alisema, wavu wote huo utakuwa tanga, na mti utaondoka kuelekea mjini.

Wavu upi sasa? Nyavu za kuvulia ngege (tilapia) na mbuta zina matundu mapana, na zikining'inia legelege ndege hunaswa shingo. Ufuo huu una ndege wengi mno, na sikutaka watoto waje asubuhi ya Krismasi wakute mnana amekufa mtini. Tukatumia nyavu kuukuu za omena peke yake, zile za matundu ya milimita 10, tukazivuta zikakaza kama ngoma. Mdiria mmoja alizoea kutua pale juu akichungulia maji, na hakuna kilichomsumbua.

Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, alituletea mzigo wa nyavu zile za plastiki za kung'aa zilizopigwa marufuku. Kweli zingependeza juani. Mwenyekiti wa BMU, kamati inayosimamia ufuo na uvuvi, alizitazama, akanitazama na mimi. "Mwalimu, unataka Krismasi tuile ndani?" Zikaondoka upesi kuliko zilivyokuja.

Harufu nayo ni hadithi. Tuliziloweka nyavu kwa sabuni ya unga na malimau, tukazisuuza, tukazianika, tukarudia. Bado mgeni angeujua mti huo kwa pua kabla ya macho.

Kwa maboya tulikusanya majerikeni ya lita 5 na slipasi zilizokatika, ambazo wavuvi wetu huzikata vipande na kuzifunga kwenye nyavu zielee. Rangi ilikuwa mabaki ya kupakia mashua. Mwisho wa mwaka huo wa 2023 ulikuwa wa mvua za El Niño, na rangi ya mafuta haikauki kwenye unyevu, kwa hiyo baraza ya kanisa ilijaa majerikeni yaliyotundikwa kama ndizi sokoni. Kila mtoto alipaka rangi za mashua ya kwao. Hapa kwetu hakuna daftari la rangi, lakini ukisimama ufuoni alfajiri utasikia akina mama wakitaja mashua moja moja ingali mbali, kwa mstari wa ubavuni tu.

Gloucester wana sanamu ya mvuvi ameshika usukani, na majina ya zaidi ya 5,000 waliopotea baharini yameandikwa hapo. Nikawauliza wazazi kama tungetenga maboya meupe kwa ajili ya wetu. Wengine walinyamaza. Mama mmoja ninayeuza naye omena alikuja na jerikeni lake mwenyewe, akakataa mtoto asiliguse. Brashi ilikuwa nene mno kwa mstari aliotaka, wa kijani, mwembamba, unaopinda kidogo mbele, kama ulivyokuwa kwenye mashua ya mumewe. Akaokota unyoya wa kuku, akauchovya, akauchora mara moja bila kuinua mkono.

Mzee mmoja wa kanisa hakupendezwa. Akaniuliza Krismasi iko wapi katika takataka hizi za ziwani. Nikamkumbusha Mathayo 4: Petro na Andrea walikuwa wakitupa wavu, Yakobo na Yohana wakitengeneza nyavu zao, tena Galilaya lenyewe ni ziwa. Akafikiri. Siku ya pili akaniletea kasia lililovunjika, akitaka lipewe mahali pa heshima.

Nyota tuliipata kwa bahati ya kalenda. Omena huvuliwa usiku wa giza, wakifuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, na wavuvi hupumzika. Desemba hiyo mwezi ulipevuka tarehe 27, kwa hiyo mkesha wa Krismasi taa za sola zilikuwa zimekaa bure majumbani. Tuliazimwa moja, tukaifunga kileleni. Ingekuwa mwezi mwandamo, hata kwa kulipia nisingeipata.

Baada ya Mwaka Mpya tuliufungua. Nyavu zikaenda kuzungushia miche ya sukuma wiki isiliwe na kuku, majerikeni ya rangi yakarudi ziwani kufanya kazi yake, na yale meupe wenyewe waliyachukua. Ufuo wa jirani umeshatuma watu kuuliza tulivyofanya. Nimewaambia nitakuja kuwasaidia, ila wajitafutie mlingoti wao, maana mwenye huu wetu ameshatweka tanga na hataki tena kusikia habari za Krismasi.