Kifua Kinapobana Mbele za Watu

Assalaam alaykum, ndugu na dada zangu.

Wiki hii tusome Surat Twaha, aya ya 25 mpaka 36. Nabii Musa, alayhi ssalaam, anatumwa kwa Firauni, naye kwanza anaomba akunjuliwe kifua, arahisishiwe kazi yake na afunguliwe fundo la ulimi. Katika Surat Shuaraa anasema wazi kwamba kifua chake kina dhiki na ulimi haumkunjuki. Huyo ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Basi anayemwambia mwenye woga wa watu kuwa imani yake ni dhaifu, na arudi asome tena.

Hapa Lamu hakuna pa kujificha. Vichochoro ni vyembamba na kila baraza ina watu. Ukipita utoe salamu, uulizwe habari za nyumbani, utazamwe. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo raha ya mji. Lakini yuko kijana ambaye moyo humwenda mbio kabla hajafika kwenye kona, viganja vikalowa jasho, maneno yakampotea. Huzunguka njia ya mbali. Arusini haendi, hitimani haendi, akiitwa kuhojiwa kazi huacha siku ipite. Usiku hulala akilirudiarudia neno moja aliloteleza mchana. Watu husema ana maringo. Wengine husema ana haya, na haya ni katika imani, kweli. Ila haya humzuia mtu na maovu. Woga huu humzuia na swala ya jamaa, na riziki, na rafiki. Na kila akikwepa hupata nafuu ya muda tu, kisha safari ya pili huwa nzito zaidi.

Mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Ndiyo maana huniuma mno mtoto wa madrasa akikwama kwenye kasida siku ya Maulidi, watu wazima wakamcheka.

Tiba ipo: mazungumzo na mtaalamu, kuzoea watu kidogo kidogo, na kwa wengine dawa za hospitali. Hayo hayapingani na dua. Musa aliomba dua, na ndani ya dua hiyo hiyo akaomba mtu: Harun, nduguye, amtie nguvu. Akapewa.

Kama unamjua mmoja, Ijumaa hii mpitie kwao mapema, kabla msikiti haujajaa. Nendeni pamoja, keti ubavuni pake, usimsukume aseme mbele za watu. Akitaka kuondoka mara tu baada ya swala, ondoka naye.