Siku yangu moja Shangani, kutoka feri hadi jiko la pweza

Saa kumi na mbili asubuhi
Nipo feri, Shangani, Mtwara mjini, ndoo mkononi. Boti zilizokesha baharini zinaingia na madalali wameshaanza kunadi. Changu na tasi wanakwenda kwa mafungu. Mimi namngojea mvuvi wangu wa pweza. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, miamba hukaa wazi na pweza hupatikana kwa wingi; hata akina mama hutoka na vijiti vyao kuwachokoa mashimoni. Leo bado maji mafu, bahari haikupwi sana, kwa hiyo bei iko juu. Nachukua hivyo hivyo. Ijumaa ya Oktoba huwezi kuwaambia watu pweza hakuna.

Saa mbili
Uani kwangu. Pweza anataka mkono. Namgeuza kichwa, natoa wino na uchafu wote, kisha nampigapiga juu ya jiwe kwa mchi mpaka alegee. Namchemsha kwa maji yake mwenyewe, moto mdogo, sufuria nimeifunika. Chumvi ikitangulia anakakamaa kama mpira wa ndala. Yale maji mekundu yanayobaki ndiyo supu yangu ya usiku: tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, ndimu mwishoni kabisa.

Saa nne
Sokoni kuchukua ukwaju, nazi na ming'oko.
"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Nilikufichia fungu lako, wenzio wanazimaliza."
Ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba, inachimbwa kiangazi huku kwetu kusini. Unaichemsha, unaila kwa chumvi na pilipili. Mgeni akiniuliza chakula cha Mtwara ni kipi, namwekea hiyo kwanza, samaki baadaye.

Mchana nalala kidogo. Anayefanya kazi ya usiku lazima alale.

Saa kumi jioni
Nawasha mkaa. Jirani yangu wa kulia, kaka wa Kichaga, anachoma nyama na kitimoto. Ng'ambo ya njia kuna benchi la kahawa na kashata, wazee wameshapanga kete za bao. Baada yao kuna baa yenye maspika makubwa, halafu mama wa bagia na kachori, halafu vijana wa chipsi mayai.

Wote hawa hawakuja kwa siku moja. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga. Mradi ule ulivunjika mwaka 1951, bandari ikabaki na watu wake wakabaki. Korosho ikaleta wanunuzi. Gesi ya Mnazi Bay ikaleta mafundi wa bomba la kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, na mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote nacho kikafunguliwa. Mafundi wa bomba walipoondoka, wengine wetu tulibaki tukiangalia viti vitupu. Siku hizi wanaotushika mkono ni madereva wa malori ya makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma. Kila kundi limeacha ladha yake hapa, na mimi najivunia kwamba hakuna lililoambiwa limekosea njia.

Saa kumi na mbili na robo
Adhana ya magharibi. Baa inazima muziki bila kuombwa, na hauwashwi mpaka watu watoke msikitini. Kaka wa kitimoto yeye huangalia upepo kabla ya kuweka jiko, moshi wake usiwafikie wazee wa kahawa. Hakuna barua ya serikali ya mtaa iliyoagiza hivyo. Watu wa mbali wanaposema maisha ya usiku ni uhuni naumia, kwa sababu hawajayaona haya.

Saa tatu usiku
Hapa sikai. Dereva wa Songea: "Dada, supu kikombe, tia pilipili ya kutosha." Kijana aliyetoka Msumbiji anazungumza Kimakonde na mzee wa bao, wanacheka, maana lugha hiyo iko pande zote mbili za mto Ruvuma. Mzee na mkewe wamekuja kutoka Tandahimba, korosho zao zimeshapita mnadani na hela imeingia. Wameagiza pweza mzima. Namrudisha kwenye makaa, nampaka ukwaju, namgeuza mara moja tu, nakata vipande mbele yao. Mama anaonja, anamsogezea mumewe sahani bila neno, kisha anairudisha kwake.

Saa sita
Wahudumu wa baa wanaanza kutoka. Vijana wa bodaboda wa kijiwe chetu wanawajua kwa majina, wanawafikisha mlangoni na kupiga simu kwamba amefika. Kipande cha kutoka feri kwenda barabara kubwa bado ni giza, na nimeshasema kwenye mkutano wa mtaa, nitasema tena: tuwekewe taa. Wanaopita pale usiku ni wafanyakazi.

Saa saba
Naosha sufuria, nahesabu, namlipa binti anayenisaidia kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee wa Tandahimba ameacha oda: pweza wanne wa kuchoma, Jumapili, kabla hawajapanda basi. Mvuvi ameshaniambia bamvua linakaribia, tutawapata.