Mkulima hataki sababu

Kazi ya kuandika kijitabu cha wakulima niliipata mwaka 2017, wakati huku kanda ya kati ya Tanzania watu bado wanazungumzia vifo vya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi, yaani ukungu, kwenye nafaka. Wengi mtakumbuka. Katikati ya 2016 habari zilianza kutoka Chemba na Kondoa kwamba kuna ugonjwa usiojulikana: macho yanakuwa manjano, tumbo linajaa maji, na nyumba moja inaweza kuugua karibu yote. Vipimo vilipotoka, mwenye hatia akawa mahindi. Waliohesabiwa kuugua mikoa ya Dodoma na Manyara walikuwa 68, na 20 kati yao wakafariki.

Shirika lililonipa kazi silitaji, halina ubaya. Walitaka kijitabu chembamba cha kuwafundisha wakulima wa Kongwa namna ya kuvuna, kuanika na kuhifadhi mahindi. Kongwa mahindi ndiyo kila kitu. Ukipita barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, Kibaigwa utaona malori yamejipanga sokoni na vijana wamebeba magunia mgongoni, na ndivyo wilaya nzima inavyopata ada ya shule. Nikapewa makabrasha ya kitaalamu, nikakaa na afisa ugani mmoja mzoefu, mtu asiyechoka kuulizwa, nikaandika rasimu. Ilirudi imejaa wino mwekundu.

Mratibu wa mradi alikuwa dada mchapakazi, mwenye kauli fupi. "Mwandishi," akaniambia, "mkulima hana muda wa sababu. Mwambie afanye nini, basi."

Sehemu kubwa ya wino wake ilikuwa na haki. Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki, sehemu 10 za sumukuvu katika sehemu bilioni moja za nafaka, kilikatwa, nami sikubisha. Hakuna mtu atakayesimama kihengeni kwake akahesabu sehemu za bilioni. Jina la kisayansi la fangasi nalo likaenda na maji. Tukabaki na unyevu. Wataalamu wanasema mahindi ya kuweka ghalani yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na mratibu akaandika pembeni: "Nani ana kipimo?" Kweli, nani? Kipima unyevu wanacho wanunuzi wakubwa.

Jibu alinipa yule afisa ugani, barazani kwake. Alichukua chupa tupu ya soda, ya kioo, iliyokauka sawasawa. Akatia mahindi mpaka kama theluthi ya chupa, akatia vijiko viwili vitatu vya chumvi aliyokuwa ameianika juani tangu asubuhi, akaziba kwa gumba na kuanza kutikisa. Akaiweka chini, tukaongea mambo ya mvua kama robo saa hivi. Alipoiinua, chumvi ilikuwa imenata kwenye kioo kwa ndani, imeganda mabaka mabaka kuanzia shingoni hadi chini. "Haya hayajakauka," akasema. Akarudia na mahindi mengine, ya mwaka uliopita. Safari hii chumvi ikaporomoka yote chini, kioo kikabaki safi.

Halafu akaniambia jambo ambalo vijitabu vingi hulipita. Chumvi isiponata, maana yake unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Haimaanishi umefika 13.5. Kwa hiyo yeye huwaambia wakulima: chumvi ikiacha kunata, usikimbilie gunia, anika tena jua moja au mawili. Nikaiandika hivyo hivyo, bila asilimia hata moja. Mratibu akaipitisha bila wino, na mpaka leo naona ule ndio ukurasa uliokaa vizuri kuliko yote. Tarakimu zimeondoka na ukweli wake haukupungua hata chembe.

Tulichogombania ni sentensi mbili.

Ya kwanza ilisema ukungu huu makao yake ni udongoni, ndiyo maana mahindi yanayoanikwa chini yanaupata kirahisi, tena udongo unayarudishia unyevu. Mratibu alitaka kubaki na amri tu: Anika kwenye turubai. Ya pili ilisema sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni. Uchemshe, ukaange, upikie chochote, sumu nyingi inabaki. Hiyo aliifuta kwa mistari miwili. Aliona itawatia watu hofu bure, kwa sababu ukurasa wa nyuma yake tayari ulishasema mahindi yenye ukungu yatengwe, yasiliwe. "Ukishamwambia asile, moto unaingiaje?"

Nilijitetea, lakini mwenye fedha ndiye mwenye kalamu. Tukaenda kijijini kujaribisha toleo lake.

Walikuja watu wengi kuliko tulivyotarajia, nusu yao akina mama waliotoka shambani moja kwa moja. Baada ya salamu na shikamoo za kutosha, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akasoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Alisoma vizuri. Watu waliitikia kwa vichwa. Mratibu alinitazama mara moja kwa jicho la unaona?

Kisha mwenyekiti wa kijiji akaruhusu maswali. Mama mmoja wa makamo, kitoto kimelala mgongoni, akasimama. "Mmesema turubai. Mimi turubai sina, na la kukodi sina uwezo. Nifanyeje?"

Kijitabu hakikuwa na jibu. Kijana akafunua ukurasa wa pili na wa tatu, akarudi wa kwanza. Mratibu akaanza kueleza kwamba turubai zinapatikana Kibaigwa kwa bei nafuu, na mama akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza upya lile lile.

Kabla hajajibiwa, mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda pembeni akainua fimbo. "Binti, hili la yaliyoota ukungu tumelielewa. Sisi hatuli mahindi mabovu, tangu enzi za baba zetu. Yale tunapikia pombe. Na pombe inachemka kutwa nzima, hakuna mdudu anayetoka mzima mle." Watu wakacheka, wengi wakaunga mkono. Mwingine akaongeza kwamba ya kwake huwapa kuku. Walikuwa wametii kijitabu neno kwa neno. Kiliwaambia wasile, na kweli hawakuwa wakila.

Mratibu akanigeukia. "Mweleze," akasema, taratibu.

Nikamwambia yule mzee kwamba kinachoua si mdudu, ni sumu anayoiacha, na moto unamuua mdudu lakini sumu yake unaiacha pale pale. Akainamisha kichwa, akafikiri. "Kwa hiyo hata ikichemka kutwa?" Hata ikichemka kutwa, mzee. "Na kuku?" Nikamwambia kuku naye anaumia ini, na ng'ombe anayelishwa mahindi hayo huweza kuitoa sumu kwenye maziwa. Ukazuka mjadala wa Kigogo ambao sikuufuata wote, ila neno pombe nililisikia mara nyingi. Mzee akarudi kwangu: "Sasa mwanangu, jambo kubwa namna hii, kwenye kitabu mmeliacha kwa nini?"

Sikumjibu, na mratibu naye hakujibu. Nikawasimulia na habari ya udongo. Hapo yule mama, ambaye hakuwa amekaa muda wote huo, akasema kana kwamba anajisemea: "Kumbe shida ni ardhi. Basi nitashona magunia manne niyatandike. Au nipandishe kichanja, miti si ipo." Amri ya turubai ilikuwa imemwacha mikono mitupu, sababu ndiyo iliyompa mahali pa kuanzia, akajimalizia mwenyewe.

Katika kazi yetu utasikia ushauri kwamba mwandikie mkulima kama unamwandikia mtoto wa darasa la nne. Sijawahi kuukubali. Mtoto wa darasa la nne hajawahi kuamua auze gunia ngapi sasa na abakize ngapi mpaka mwezi wa pili, huku bei ikipanda na nyumbani kuna mgonjwa. Mkulima anafanya hesabu hiyo kila mwaka, kichwani. Anachoweza kukosa ni herufi, au miwani, au nafasi. Basi mwandishi afupishe sentensi, atumie neno la sokoni, aongeze ukubwa wa maandishi, achore picha. Sababu asiiguse. Ukimpa mtu amri peke yake, umemwandikia kwa hali ile moja tu uliyoifikiria wewe ukiwa mezani, na maisha yake yana hali nyingi ambazo hukuzifikiria.

Njiani kurudi Dodoma tulibishana tena, safari hii kwa upole. Mratibu alikuwa na hoja yake na sikuidharau. Alikuwa ameshaona vijitabu vya miradi mingine vimefungia karanga sokoni, vinene, vimejaa maelezo, havijasomwa hata na waliovigawa. Alisema kila sentensi ninayoirudisha inatupunguzia msomaji mmoja. Nikamwambia anipe msomaji aliyepungua leo pale kijijini. Akacheka, akasema wale walisomewa, hawakusoma. Kwa hilo alinishinda, maana ni kweli, na ilinibidi nirudi kwenye rasimu na sikio badala ya jicho: nikaiandika upya nikijisomea kwa sauti, na kila nilipoishiwa pumzi nikaweka nukta.

Sentensi ya udongo ikarudi. Ya moto ikarudi na jirani yake mpya, iliyotaja pombe na kuku kwa majina yao. Mimi nilitaka kuongeza na la kukoboa, kwamba sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, hivyo mahindi yaliyokobolewa huwa na nafuu kuliko dona lililosagwa zima zima. Hilo lilikataliwa moja kwa moja. Ofisi hiyo hiyo ilikuwa na mradi mwingine wa lishe uliohimiza watu kula dona, na hakuna aliyetaka miradi miwili igombane kwenye kabati moja. Nilibisha kidogo nikaacha. Bado naamini msomaji angeweza kubeba yote mawili: kula dona, ila la mahindi uliyoyaanika na kuyachambua vizuri.

Likabaki suala la nafasi, kwa sababu mpiga chapa alishapewa idadi ya kurasa na bajeti ilishasainiwa. Tukapekua rasimu mwanzo hadi mwisho tukitafuta pa kupunguza. Mratibu ndiye aliyepaona. Salamu za mkurugenzi zilikuwa zimechukua ukurasa mzima, pamoja na shukrani kwa wafadhili mmoja mmoja. Akazikata zikawa aya moja, na nembo za wafadhili akazihamishia jalada la nyuma. Nikamuuliza kama mkurugenzi hatakasirika.

"Picha yake tunaiacha," akasema. "Tena tunaikuza kidogo."