Maswali Yaliyofutwa Usiku

Mwaka 2023 nilikuwa nikiishi Zimmerman, Nairobi, na kila jioni tulikutana kwenye Discord, programu ya mazungumzo ya vikundi, watu kumi na wawili hivi, tukijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Wengine waliandika wakiwa bado ndani ya matatu, wamekwama Thika Road. Tulikuwa na chaneli moja ya maswali, nayo ndiyo iliyotutatiza. Swali likiulizwa saa mbili, kufikia saa tatu limezama chini ya salamu na habari za mpira.

Nikajitolea kuunda roboti, yaani programu inayojiendesha yenyewe ndani ya Discord, nikamwita Bawabu. Kazi yake ilikuwa moja: katika chaneli ile tu, ujumbe usioanza na "Swali:" au "Jibu:" ufutwe papo hapo. Nilimwonyesha chaneli kwa namba yake ndefu, kwa kuwa jina laweza kubadilishwa wakati wowote ilhali namba haibadiliki. Nikampa ruhusa ya kufuta ujumbe wa watu wengine, nikamwasha kwenye laptopu yangu, nikaandika "Mambo vipi". Ikatoweka. Hilo ndilo jaribio pekee nililofanya. Nikaacha laptopu ikiwaka, nikalala.

Asubuhi nilikuta ujumbe kwenye simu kutoka kwa dada mmoja wa kundi letu, wakala wa M-Pesa kule Githurai. Alikuwa mkimya sana. Tangu ajiunge hakuwahi kuuliza chochote. "Kaka, kama hamnitaki si mniambie tu. Nimeandika swali langu mara nne, linafutwa."

Niliingia chaneli mbio. Ilikuwa tupu, ila ujumbe mmoja wa kijana mwingine: "Swali: mbona @Bawabu ananifutia?" Nikamuuliza kama alikuwa ameandika mengine. Akasema ndiyo, matatu, yote yakianza na "Swali:" kama nilivyoagiza. Yote yamekwenda.

Nilikaa nikiutazama ujumbe ule uliosalia. Tofauti yake na mingine ilikuwa moja tu: ulimtaja Bawabu kwa jina. Hapo nikaanza kuelewa. Tangu 2022, Discord huyahesabu maneno ya ujumbe kuwa kitu cha kuombewa ruhusa maalumu. Mwenye roboti huiwasha ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya watengenezaji, kisha huitaja tena ndani ya programu yake. Mimi sikuwa nimefanya lolote kati ya hayo. Bila ruhusa hiyo, roboti huambiwa nani ameandika na wapi, lakini maneno yenyewe humfikia yakiwa matupu, isipokuwa pale anapotajwa. Kwa hiyo Bawabu alipokea utupu usiku kucha, na utupu hauanzi na "Swali:". Akafuta kila kitu, sawasawa na nilivyomwamuru.

Nilirekebisha kwa dakika chache. Lakini ujumbe ukishafutwa Discord haurudi, nami sikuwa nimeweka nakala popote. Swali lile dada aliliandika mara nne kwa simu, kati ya mteja na mteja, akijikaza kuuliza mbele ya watu anaodhani wanajua kuliko yeye. Hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe.

Nikampigia. Nikamweleza kwamba hakuna mtu aliyemfuta, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba sasa kila kinachofutwa kinanakiliwa kwanza kwenye chaneli ya wasimamizi. Alinyamaza kidogo. "Kwa hivyo hata wengine walifutiwa?" Nikamwambia karibu wote. Nikasikia pumzi ikimtoka.

Saa tatu usiku swali lake likaingia kwa mara ya tano. Likakaa. Alikuwa anajumlisha kamisheni zake za wiki, lakini kila mara programu ilimpa ya siku ya mwisho peke yake. Majibu matatu yalifika kabla sijamaliza kusoma: alikuwa ameweka jumla = 0 ndani ya kitanzi, sehemu ya programu inayojirudia kwa kila siku, badala ya juu yake.